Mujaaja, rihani tamu, ya zambarau au tulsi: ipi ina antioksidanti za kukufaa?

Wanaokuja kununua miche kwangu hapa Jinja huniuliza swali moja karibu kila mara: kati ya rihani zote hizi, ipi ina antioksidanti nyingi? Neno lenyewe siku hizi liko kila mahali, kwenye paketi za chai, redioni, kwenye magrupu ya WhatsApp ya akina mama. Na mimi huanza kwa kuuliza: utaitumiaje? Utaichemsha chai, utaila mbichi, au utaikausha na kuiweka? Aina hizi zinapishana kwa kiasi cha antioksidanti, ni kweli. Lakini zinapishana zaidi kwa namna antioksidanti hizo zinavyotoka kwenye jani. Nyingine zinaingia kwenye maji ya moto bila shida, nyingine zinapotea na mvuke kabla hujamimina kikombe. Ukichagua bila kufikiria sufuria yako, unaweza kupanda aina yenye sifa kubwa halafu usipate hata robo ya faida yake.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Menya ndizi za matoke uziache kwenye sinia bila maji. Muda si mrefu zinaanza kuwa nyeusi, kwa sababu oksijeni ya hewani imekutana na vitu vilivyokuwa vimefungiwa ndani ya ndizi. Zikamulie ndimu, weusi unachelewa. Mwilini hakutokei jambo lilelile hasa, ila mzizi ni mmoja. Kuna chembe zinazoitwa radikali huru, zilizopungukiwa elektroni, na hizo hunyang'anya elektroni kutoka kwenye mafuta ya seli, kwenye protini, hata kwenye DNA. Antioksidanti ni kitu kinachoweza kuipa radikali elektroni au haidrojeni na chenyewe kisigeuke kuwa hatari. Mwili una za kwake unazozitengeneza, nyingine tunazila.

Kwenye rihani ziko sehemu mbili. Ya kwanza ni polifenoli, kundi la kemikali ambazo mmea hujitengenezea, zilizomo ndani ya jani, na kubwa yao ni asidi ya rosmariniki. Asidi hii ilitengwa kwa mara ya kwanza na wakemia wa Italia mwaka 1958 kutoka kwenye mmea wa rozimari, na rozimari na rihani ni wa ukoo mmoja. Inayeyuka kwenye maji ya moto na haipai na mvuke. Sehemu ya pili ni mafuta ya harufu, yaliyo kwenye vitezi vidogo juu ya ngozi ya jani, ndiyo maana ukiligusa tu vidole vinanukia. Hapa watu hukosea sana, wakidhani harufu kali ni dalili ya antioksidanti nyingi. Eugenoli, ambayo ndiyo harufu ya karafuu, ni antioksidanti ya kweli kwa sababu ina haidrojeni ambayo inaweza kuitoa kwa urahisi. Lakini estragoli yenye harufu ya anisi, sitrali yenye harufu ya limau, linaloli na kafuri, zote hizo kazi yao kwa upande huu ni ndogo hata zikikujaza pua. Kwa hiyo sugua jani, unuse. Ukipata karafuu, mafuta yake yana kitu. Ukipata limau au kafuri, tegemea polifenoli za ndani ya jani tu.

Mujaaja

Huu ndio ninaoupenda kuliko yote, na sifichi. Jina lake la kitaalamu ni Ocimum gratissimum. Watu wa pwani wataufananisha na kivumbasi. Ni kichaka, unaweza kufika urefu wa mtu mzima, shina la chini linakuwa mti kabisa, majani yana vinyweleo na ukingo wa meno. Uganda unaota kwenye ua, kando ya choo, nyuma ya jiko, na hakuna anayeuita dawa ya ghali kwa sababu uko kwa kila jirani. Ukivunja tawi, harufu ya karafuu inakujia kabla hujalileta puani.

Kwa antioksidanti una vyote viwili: polifenoli za ndani ya jani, na kwenye mimea mingi ya huku, eugenoli kwenye mafuta. Nasema mingi kwa sababu mmea huu una koo mbalimbali. Afrika Magharibi kuna yenye thimoli, inayonuka kama dawa ya kusukutulia mdomo, na thimoli nayo ni antioksidanti nzuri. Usishangae basi mche wa kwa shemeji yako ukinukia tofauti na wako.

Shida ya mujaaja iko kwenye upishi. Wengi wetu tunautupa kwenye birika pamoja na majani ya chai tangu maji yakiwa baridi, tunaacha uchemke wazi juu ya sigiri mpaka nyumba nzima inukie. Harufu iliyojaa nyumbani ndiyo ile iliyotakiwa iwe kikombeni. Chemsha maji kwanza, epua, weka majani uliyoyakatakata, funika kwa dakika kama kumi. Ukifunua mfuniko ugeuze uangalie: matone yaliyojikusanya chini yake yananukia karafuu. Yarudishe ndani ya sufuria. Kwa njia hii asidi ya rosmariniki imeingia majini, na sehemu ya eugenoli umeiokoa.

Na majani yawe ya kutosha. Vijani viwili kwenye birika la watu sita vinatoa harufu, havitoi zaidi ya hapo. Konzi nzima ya majani mabichi kwa lita moja ni kipimo cha kawaida nyumbani kwangu.

Rihani tamu

Hii ni Ocimum basilicum, yenye majani laini yanayong'aa, inayouzwa kwa vifungu sokoni Nakasero na kwenye supamaketi za Kampala, mara nyingi aina ya Genovese. Asidi ya rosmariniki ndiyo nguvu yake kubwa. Mafuta yake yana linaloli kwa wingi na eugenoli kwa kiasi kinachobadilika kutoka mbegu hadi mbegu.

Ubora wake ni kwamba inaliwa. Mujaaja mbichi ni mgumu mdomoni na mkali, huwezi kuumaliza sahani. Rihani tamu unaitafuna jani zima, pamoja na nyanya na avokado, au unaikatia ndani ya rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, baada ya mayai kuiva na chapati kuondoka motoni. Ukila jani zima hakuna kilichobaki kwenye makapi: polifenoli, mafuta, vitamini K, vyote vimeingia. Mafuta ya avokado au ya simsim yanasaidia kubeba vile visivyopenda maji. Kwa mtu asiyekunywa chai za majani, ndiyo hii.

Kuna jambo moja la bustanini ambalo wauzaji wa miche hatulisemi vya kutosha. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2001 kwamba aina ya Genovese Gigante ikiwa bado fupi, chini ya sentimita 10 hivi, mafuta yake huwa na methili-eugenoli nyingi, na ikirefuka eugenoli ndiyo inayotawala. Tofauti si ndogo. Methili-eugenoli imezibwa pale ambapo eugenoli hutolea haidrojeni yake, kwa hiyo ni dhaifu kama antioksidanti. Tena mwaka 2023 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka kwenye kundi la 2A, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Kiasi kinachopatikana kwenye kachumbari ya jioni ni kidogo na sitaki mtu aogope mboga. Lakini kusubiri wiki mbili zaidi mche urefuke hakugharimu kitu, na unapata jani bora. Mimi sikati mche wa Genovese kabla haujavuka kiganja kwa urefu.

Usiiweke kwenye friji. Chini ya nyuzi joto 10 au 12 majani yanapata madoa meusi, na weusi ule ni polifenoli zinazoungua kwa oksijeni kama zile ndizi za kwenye sinia. Iweke kwenye glasi ya maji mezani kama maua.

Ya zambarau

Aina maarufu ni Dark Opal, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, katika miaka ya 1950, ikapata tuzo ya All-America Selections mwaka 1962. Ni ndugu wa damu wa rihani tamu, spishi ileile, ila imeongezewa anthosianini, rangi zilezile za jamii ya kabichi ya zambarau. Anthosianini ni antioksidanti zinazopenda maji, na unaweza kuziona kwa macho zikifanya kazi ya rangi: mimina maji ya moto juu ya majani machache, yatatoka rangi ya buluu iliyofifia isiyovutia, halafu kamua ndimu. Papo hapo kinywaji kinageuka waridi. Asidi ya ndimu inazituliza anthosianini, zinadumu zaidi. Magadi hufanya kinyume, yanazigeuza kijani na kuziharibu, kwa hiyo usiipike rihani hii na mboga uliyotia magadi.

Je, inaishinda ya kijani? Kwa rangi, ndiyo, ina kundi zima la antioksidanti ambalo ya kijani haina. Kwa asidi ya rosmariniki, hapana, inategemea mbegu. Na chemsha-chemsha ndefu inaondoa rangi hiyo yote. Ukiipanda kivulini inarudi kijani kwa mabaka, maana mmea hutengeneza rangi hii kujikinga na jua. Mpe jua la siku nzima. Nzuri kwa maji baridi ya ndimu ya watoto na kwa kachumbari. Kama kipato ni cha kubanana, siwezi kukuambia uhangaike kutafuta mbegu yake wakati mujaaja uko uani.

Tulsi

Wahindi wa hapa Jinja na Kampala wameipanda tangu zamani, nyumbani na kwenye mahekalu, na kwao ni mmea wa ibada. Ukiomba tawi, omba kwa heshima. Ni Ocimum tenuiflorum, yenye eugenoli, asidi ya rosmariniki, na asidi ya ursoliki ambayo haiingii vizuri kwenye maji. Kwa chai iko sawa na mujaaja kwa namna ya kuandaa: funika, usichemshe wazi.

Lakini soma paketi. Baadhi ya tulsi zinazotoka India zimeandikwa majina matatu, Rama, Krishna na Vana. Hiyo Vana kwa kawaida ni Ocimum gratissimum, spishi ya mujaaja. Nimemwona mtu akilipia boksi dukani, na njiani kurudi nyumbani anapita ua uliojaa kitu hicho. Udongo na ukoo wa mbegu vinabadilisha kemia, sisemi kwamba ladha ni moja. Nasema mtu ajue anachokilipia.

Za limau nazo zipo, mahuluti ya rihani tamu na Ocimum americanum. Zina harufu safi na zinafaa kwa samaki wa ziwani, lakini mafuta yake ni sitrali, yana antioksidanti kidogo. Na mrehani wa kafuri, Ocimum kilimandscharicum, uweke dirishani au uuchome kufukuza mbu, usiunywe. Kafuri ikizidi ni sumu, na kwa mtoto mdogo inaweza kuleta degedege.

Namba za kwenye paketi

Maabara hupima kwa njia nyingi. Moja inayotumika sana ni DPPH: kuna dawa ya rangi ya zambarau ambayo ni radikali, unaitia maji ya mmea, na kadiri antioksidanti zinavyoinyamazisha ndivyo inavyogeuka njano. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha majani kwa majani. Ila mara nyingi majani huwa yameloweshwa kwenye methanoli, ambayo inavuta karibu kila kitu, na hakuna anayekunywa methanoli. Aina inayoongoza kwenye chupa ile inaweza isiongoze kwenye birika lako.

Halafu angalia utofauti wa ndani ya aina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya mirehani 23 ya Iran ulikuta polifenoli kuanzia miligramu 22.9 hadi 65.5 kwa gramu ya majani makavu. Karibu mara tatu, ndani ya nchi moja. Mtu akikuambia kwamba "rihani" ina kiasi fulani, muulize rihani ipi, iliyopandwa wapi, iliyovunwa lini. Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe ilikuwa na orodha ya alama za ORAC, kipimo kingine cha maabara cha antioksidanti, za vyakula, na mwaka 2012 ikaiondoa, kwa sababu kampuni zilikuwa zinaitumia kuuzia bidhaa, wakati alama za kwenye chupa hazikuthibitishwa kuwa zinaleta matokeo mwilini. Asidi ya rosmariniki yenyewe tunainyonya kidogo, nyingi inavunjwavunjwa na bakteria wa utumbo kuwa vitu vingine kabla ya kuingia damuni.

Kijana mmoja alinijia akasema, "Anti, nipe ile inayoshinda zote, mama ana sukari." Nilimpa mche wa mujaaja, nikamwambia mama anywe chai yake bila sukari kama anaipenda, na dawa za hospitali asiache hata siku moja, tena daktari ajue anachokunywa. Sukari aliyoiacha kwenye kikombe ndiyo itakayomsaidia kuliko antioksidanti yoyote niliyo nayo bustanini.

Kupanda na kukausha

Kama una ardhi ndogo na huna muda wa kumwagilia, mujaaja hauna mshindani. Unavumilia kiangazi, unakatwa unachipua, kikonyo kilichopandwa mwanzo wa mvua kinashika. Rihani tamu inahitaji kupandwa upya, kuchumwa kabla haijatoa maua, na ina adui ambaye ameandikwa kwanza hapahapa kwetu. Ukungu wa rihani, unaoitwa Peronospora belbahrii, ulirekodiwa Uganda katika miaka ya 1930, ukasahaulika, kisha ukaibuka Uswisi mwaka 2001 na Florida mwaka 2007 na kuwatia hasara wakulima wakubwa. Jani linapauka njano juu kati ya mishipa, unadhani limekosa mbolea. Ligeuze. Chini utaona unga wa kijivu unaoelekea zambarau. Mmea huo ng'oa leo, usingoje kesho, maana vumbi lile linasafiri na upepo. Katika mvua za Machi hadi Mei panda kwa nafasi kubwa na umwagie kwenye udongo, asubuhi, wala si juu ya majani. Genovese hushambuliwa vibaya, mujaaja na zile za limau huvumilia zaidi.

Kukausha ndiko wengi wanakopotezea kila walichokilima. Jani linalokauka polepole likiwa limerundikwa linakuwa jeusi, na huo ni ushahidi kwamba polifenoli zimeshatumika. Jua kali nalo linaondoa mafuta. Tandaza safu moja kivulini, penye upepo, juu ya wavu, geuza mara kwa mara. Jani zuri kavu ni la kijani, linavunjika ukilibana, na bado linanukia. Lifungie kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Likipata ukungu, tupa lote. Kwa mujaaja na tulsi kukausha kunafaa, kwa rihani tamu kunaacha nusu ya uzuri wake nyuma. Ya Genovese ni afadhali uisage na mafuta na kuigandisha.

Kabla hujamimina

Polifenoli zilezile tunazozisifu zinakamata madini ya chuma yanayotoka kwenye mimea. Ukinywa chai nzito ya mujaaja pamoja na maharagwe na dodo, yaani mchicha, sehemu ya chuma inapita bila kufyonzwa. Kwa mwanamke mjamzito au mtoto aliyepungukiwa damu, na hapa Uganda ni wengi, hilo ni jambo la kuangaliwa. Kunywa katikati ya milo, saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye chakula chenyewe weka ndimu au nyanya zinazosaidia chuma kuingia. Mjamzito asiende zaidi ya kikombe cha kawaida bila kumuuliza mkunga, na mafuta yaliyokamuliwa ya aina yoyote kati ya hizi asiyanywe kabisa.

Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda naye awe mwangalifu na rihani mbichi: gramu 100 zina vitamini K kiasi cha mikrogramu 415, nayo inafanya kinyume cha dawa hiyo. Majani machache juu ya nyanya hayana neno, mradi kiasi kisibadilikebadilike kutoka siku hadi siku na daktari awe ameambiwa.